UZI: China na Japani kwenye uagizaji wa massa ya mbao, na kwa nini mstari wa dola peke yake unatupotosha

Mpimatani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna chati inayozunguka sana kila mjadala wa biashara ya misitu unapoibuka. Mistari miwili, China na Japani, thamani ya massa ya mbao (rojo la nyuzi za mbao linalotengenezewa karatasi) yaliyoagizwa kila mwaka kwa dola. Wa China unapaa, wa Japani umelala na baadaye unateremka. Chini yake maoni huwa ni yale yale: Japani imekwisha, China inameza misitu ya dunia.

Namba za chati hiyo ni za kweli. Hukumu zinazotolewa juu yake ndizo zinanikera, maana watu wanapanga sera na kuandika makala kwa kuitazama tu. Hoja yangu ni hii: thamani ya dola haikuambii nani anahitaji nyuzi za mbao zaidi. Ivunje kwanza iwe tani na bei ya tani. Halafu uliza nyuzi zinaingia nchi hiyo kwa mlango gani, kwa sababu massa ni mlango mmoja tu kati ya mitatu. Miwili mingine ni vibanzi vya mbao vinavyokwenda kupikwa kiwandani, na karatasi taka.

Nianze na bei, kwa sababu ndiyo inayochezesha mstari kuliko kitu kingine.

Massa hayana bei tulivu. Februari 2010 tetemeko kubwa la Chile lilisimamisha viwanda vya massa vya nchi hiyo na bei ya dunia ikapanda, ilhali mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imezama kwa msukosuko wa fedha. Ikapaa 2018, ikaanguka 2019, ikapanda tena 2021 na 2022. Sababu za mara hii ya mwisho zilikuwa nyingi kwa pamoja: meli na makontena kuadimika, mgomo wa wafanyakazi wa UPM, kampuni ya massa na karatasi, huko Finland kuanzia Januari hadi Aprili 2022, na vita vya Ukraine kuvuruga mbao za Urusi kwenda Ulaya. Halafu 2023 ikaanguka vibaya. Massa ya mikaratusi yaliyopaushwa yaliyokuwa yakiuzwa China kwa zaidi ya dola 800 kwa tani mwanzoni mwa mwaka yalifika jirani na dola 500 katikati ya mwaka. Viwanda vipya vya Amerika Kusini vilikuwa vimeanza kumwaga mzigo: kampuni ya Arauco ya Chile ilikuwa na mtambo mpya, na UPM alifungua Paso de los Toros nchini Uruguay Aprili 2023, mtambo wa tani milioni 2.1 kwa mwaka.

Sasa angalia China mwaka huo huo. Forodha yao inaonyesha massa tani milioni 29.16 mwaka 2022 na tani milioni 36.66 mwaka 2023. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja. Mtu anayetazama dola tu hawezi kuuona ukubwa wa tukio hilo, kwa sababu bei ilikuwa inashuka wakati tani zinapanda. Chukua hesabu ya mfano: tani 100 kwa dola 800 ni dola 80,000. Tani 126 kwa dola 600 ni dola 75,600. Mzigo umeongezeka kwa robo nzima na zaidi, thamani imepungua.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2021 tani za China zilipungua kidogo kutoka milioni 30 na ushee za 2020, lakini bei ilikuwa imepanda sana. Mstari wa dola ukapanda. Mwandishi mvivu ataandika kwamba mahitaji yaliongezeka.

---

Mpimatani (inaendelea)

Milango mitatu sasa, maana hapa ndipo China na Japani zinapotofautiana kimsingi.

Japani ilijenga viwanda vyake pwani, karibu na bandari, ikanunua vibanzi vya mbao kutoka Australia, Chile, Afrika Kusini, Vietnam na kwingineko kwa meli zilizoundwa kubeba vibanzi tu. Kwa miongo mingi hakuna nchi iliyoagiza vibanzi vingi kama Japani. Kiwanda kinapika vibanzi hivyo, massa yanatoka pale pale na kuingia kwenye mashine ya karatasi yakiwa bado na maji, bila kukaushwa wala kufungwa marobota. Massa hayo hayaonekani kwenye takwimu za uagizaji wa massa. Yameingia nchini kama mbao, kwenye msimbo wa forodha 4401 (namba inayotambulisha aina ya bidhaa).

Juu ya hapo, Japani inakusanya karatasi zake zilizotumika kwa bidii kubwa. Zaidi ya asilimia 60 ya nyuzi zinazoingia kwenye karatasi na maboksi yake ni za karatasi taka, na sehemu kubwa ya hizo imekusanywa humo humo nchini. Kwa hiyo massa ya kuagiza ni nyongeza tu, ya kujaza pale ambapo nyuzi ndefu za misonobari zinahitajika au kiwanda hakina mtambo wa kupika.

Kwamba mstari wa Japani unateremka, ni kweli, na sababu inajulikana. Uzalishaji wao wa karatasi na maboksi ulikuwa takriban tani milioni 31.8 mwaka 2000, na 2023 ulikuwa karibu milioni 22. Magazeti na karatasi za kuchapia zimepungua, watu wanapungua. Lakini hata 2000, kilele chenyewe, mtu aliyeangalia massa peke yake angeidhania Japani kuwa mtumiaji wa kati, wakati ilikuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa kabisa wa karatasi duniani.

China ilipita njia nyingine. Baada ya kuingia Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001 viwanda vyake vya maboksi vilikua kwa kasi ambayo misitu yake haikuweza kuilisha, na nyuzi za kuziba pengo hilo zilitoka kwenye karatasi taka za Marekani, Ulaya na Japani yenyewe. Mwaka 2017 iliingiza karatasi taka tani milioni 25.7. Julai mwaka huo ikaiarifu WTO kwamba inafunga mlango. Karatasi mchanganyiko zisizochambuliwa zikazuiwa, kiwango cha uchafu kinachoruhusiwa kikashushwa hadi asilimia 0.5 mwaka 2018, tani zikaanguka hadi milioni 6.9 mwaka 2020, na kuanzia 1 Januari 2021 ikafungwa kabisa.

Nyuzi hizo zilipaswa kutoka mahali pengine. Sehemu ya kupanda kwa massa baada ya 2017 ni nyuzi zilezile zimebadilisha mlango. Ukiliita ongezeko lote hilo ulafi mpya wa China unakosea, na ukilitumia kuipima dhidi ya Japani, ambayo haikubadilisha milango yake, unakosea mara mbili.

---

MsomaChati

Mkuu Mpimatani, uzi mzuri, nimeusoma wote. Ila nina swali la kukupinga kidogo. Thamani ndiyo fedha zinazotoka nchini. Mimi nikitaka kujua nchi inalipa kiasi gani kwa wageni kwa ajili ya massa, tani zitanisaidia nini? Mizania ya biashara haipimwi kwa tani.

---

Mpimatani

Ndugu MsomaChati, kwa swali hilo uko sahihi kabisa na thamani ndiyo jibu. Kama unauliza mzigo wa fedha za kigeni, baki na dola. Kama unauliza mahitaji, misitu, au nguvu ya kiwanda, dola zinakupoteza. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuliza la pili na kujibu kwa la kwanza.

Hata kwenye swali lako kuna jambo la kuangalia. Ukichora kuanzia 1992 hadi 2023 kwa dola za kila mwaka, unalinganisha dola mbili tofauti. Kwa bei za walaji za Marekani, dola 1 ya 1992 ni sawa na kama dola 2.17 za 2023. Thamani ya Japani iliyobaki pale pale kwa dola za kawaida katika kipindi hicho imepungua zaidi ya nusu kiuhalisia. Rekebisha mfumuko wa bei kwanza, ndipo useme mstari umelala.

---

Binti wa Forodha

Salaam wakuu. Nimefanya kazi na misimbo ya forodha muda mrefu, naomba niongeze upande wa msimbo, kwa sababu kosa kubwa ninaloliona linaanzia hapo.

Watu wanapakua sura ya 47 nzima ya misimbo ya forodha halafu wanaiita "massa". Sura ya 47 imebeba vitu vya tabia tofauti sana:

4701 ni massa ya kusagwa kwa mashine. 4702 ni massa ya kuyeyushwa, ambayo kwa kiasi kikubwa hayaendi kwenye karatasi. 4703 ni massa ya kupikwa kwa soda au salfeti, na ndiyo mzigo mkubwa wa biashara ya dunia. 4704 ni ya salfaiti. 4705 yamechanganya kusaga na kupika kwa kemikali. 4706 ni massa yaliyotengenezwa kwa karatasi taka au nyuzi nyingine zisizo za mbao. Na 4707 ni karatasi taka zenyewe.

Mnaona hatari? Mtu akichukua sura nzima kwa China, 4707 inaporomoka kati ya 2017 na 2021 huku 4703 ikikua. Mstari wa pamoja unaonyesha China ikipoa katika miaka ambayo hamu yake ya massa halisi ilikuwa inaongezeka. Na bei ya massa ilishuka 2019, basi picha inazidi kuharibika.

Angalia 4706 pia. Baada ya mlango wa karatasi taka kufungwa, kampuni za China zilianza kuyatengeneza massa hayo nje na kuyaingiza yakiwa tayari massa. Nine Dragons, kampuni ya karatasi ya China, ilinunua viwanda Marekani mwaka 2018. Hiyo ni karatasi taka ile ile, imepitia mashine na kubadilishiwa msimbo. Ile jumla ya massa inayotangazwa na forodha ya China ina 4706 ndani yake. Kama swali lako ni massa ya MBAO, jumlisha 4701 hadi 4705 na uache mengine.

---

Pamba na Viskosi

Dada Binti wa Forodha umegusa 4702 na ukapita haraka, niruhusu nisimame hapo, ndiyo eneo langu.

Massa ya kuyeyushwa yanakuwa uzi wa viskosi, yaani nguo. China ina viwanda vikubwa vya viskosi kuliko nchi yoyote, na inaagiza sana 4702. Aprili 2014 iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa (mzigo kuuzwa nje kwa bei ya chini isivyo haki) kwa massa hayo kutoka Marekani, Kanada na Brazil. Uamuzi kama huo unahamisha wauzaji na kubadilisha bei, na hauna uhusiano wowote na magazeti wala maboksi. Anayelinganisha China na Japani ili aseme kitu kuhusu karatasi aitoe 4702 kabisa. Bei yake inafuata pamba na poliesta.

---

MsomaChati

Asante dada. Sasa ndani ya 4703 pale, kuna tofauti gani inayofaa kujulikana? Au tuichukue kama kitu kimoja?

---

Binti wa Forodha

Usiichukue kama kitu kimoja, ndugu yangu. 4703.21 ni iliyopaushwa ya miti ya jamii ya misonobari, nyuzi ndefu, inatoka Kanada, Finland, Sweden, Marekani, Chile. 4703.29 ni iliyopaushwa ya miti ya majani mapana, nyuzi fupi, na hapo Brazil ndiye mfalme kwa mikaratusi yake. Kwa kawaida ya misonobari ni ghali zaidi. Nchi ikihama taratibu kutoka nyuzi ndefu kwenda fupi, thamani kwa tani itashuka hata kama hakuna bei iliyobadilika sokoni. Kwa hiyo mkigawa thamani kwa tani, gaweni kwa kila msimbo peke yake.

Niseme na hili la CIF. China na Japani zote zinaandika uagizaji kwa CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Kwa jozi hii mko salama. Lakini ukimweka Kanada upande mmoja, yeye anaandika uagizaji kwa FOB, bila nauli ya bahari. Mwaka kama 2021, nauli zilipopanda sana, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Na msije mkatumia takwimu za muuzaji kuziba pengo la mnunuzi bila kuangalia. Uruguay ni mfano mzuri: mitambo yake mikubwa ya massa iko kwenye maeneo huru ya biashara, na takwimu za maeneo hayo huandikwa kando na za forodha ya kawaida. Ukisoma jedwali moja tu utadhani Uruguay inauza magogo zaidi ya massa.

---

Bwana Yeni

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi. Sijaona mtu akigusa sarafu, na kwa Japani hili ni kubwa.

Forodha ya Japani inaandika kwa yeni. Hifadhidata za Umoja wa Mataifa ndizo zinazogeuza kuwa dola. Oktoba 2011 dola moja ilifika karibu na yeni 75. Oktoba 2022 ilipita yeni 150. Mnunuzi wa massa Japani mwaka 2022 alikuwa analipa bei ya dunia iliyopanda, kwa yeni iliyoshuka. Kwa dola mstari wake hauonyeshi maumivu hayo. Kwa yeni unaruka. Halafu tunashangaa kwa nini kampuni za karatasi za Japani zilipandisha bei mfululizo kipindi hicho.

Yuan haikuyumba kwa kiwango hicho, kwa hiyo kwa China dola na sarafu ya nyumbani zinakwenda karibu pamoja. Nashauri kila nchi ichorwe mara mbili, dola na sarafu yake. Nadhani hata mabishano mengi yangeisha.

---

Mpimatani

Bwana Yeni, marahaba, na nashukuru sana. Hili nililitaka liandikwe na mtu anayelifahamu.

Niongeze jambo linalonivutia zaidi kwenye jozi hii: mpaka wa nchi hauonyeshi mwenye mali. Cenibra, kiwanda cha massa cha Brazil kilichoanzishwa 1973 kwa ubia na Wajapani, tangu 2001 kinamilikiwa na Wajapani chote, kampuni ya karatasi ya Oji ikiwa mkubwa wao. Oji huyo huyo alijenga kiwanda cha karatasi Nantong, China. Massa au vibanzi vinavyoingia Nantong vinahesabiwa kwa China. Sehemu ya kile tunachokiona kama kupungua kwa Japani na kukua kwa China ni kampuni za Kijapani kufuata soko lilipokwenda. Mistari miwili kwenye chati inaonekana kama mashindano. Chini yake kuna watu wale wale.

---

Mgeni Mpya

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwanafunzi na nimepewa kazi kama hii hasa, nchi mbili na massa. Nimesoma uzi mzima, nimeelewa hatari, lakini naomba mnishike mkono: naanzia wapi? Na je, naweza kusema China inatumia mara ngapi kuliko Japani?

---

Mpimatani

Karibu sana mdogo wangu, umeuliza vizuri.

Anza na mwaka. Mfumo wa misimbo unaotumika sasa ulianza 1988, Japani inapatikana humo tangu hapo na China kuanzia 1992. Ukitaka kurudi nyuma zaidi utalazimika kutumia uainishaji wa zamani ambao hauchambui namna hii, kwa hiyo mimi ningeanzia 1992. Kwa tani za miaka ya nyuma, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana mfululizo wa mazao ya misitu tangu 1961.

Pakua 4701 hadi 4705, thamani na uzito halisi (bila vifungashio), na uweke 4702 kando. Gawa thamani kwa uzito. Ukipata mwaka wenye bei ya ajabu, mfano dola 3,000 kwa tani katikati ya miaka ya dola 600, usiukubali: mara nyingi uzito ndio umekosewa au umekadiriwa. Kagua tena kwa takwimu za wauzaji wakubwa.

Halafu chora chati tatu zenye miaka ile ile: tani, bei ya tani, na thamani iliyorekebishwa mfumuko wa bei. China na Japani zina ukubwa tofauti mno, kwa hiyo kwenye thamani tumia kipimo cha logi (kila hatua ni kuzidisha, mfano 1, 10, 100), la sivyo Japani itakuwa mstari sakafuni na hutaona misukosuko yake. Baada ya hapo ongeza chati ya nne yenye 4401 ya vibanzi na 4707 ya karatasi taka. Bila hiyo ya nne, tafadhali usiandike neno lolote kuhusu nani anatumia nyuzi zaidi.

Kuhusu "mara ngapi": sema kwa kila mtu pia. China ina watu takriban mara 11 ya Japani. Na uagizaji si matumizi. Mwaka 2023 wanunuzi wa China walinunua sana bei ilipokuwa chini, na sehemu ya mzigo ililala kwenye maghala ya bandari kama Qingdao na Changshu. Mwaka uliofuata tani zilishuka hadi milioni 34 na kitu.

---

Mgeni Mpya

Asante sana kaka. La mwisho: kama data yangu ni ya kila mwezi?

---

Binti wa Forodha

Nimjibu mimi. Chukua wastani wa miezi 12, kwa sababu sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina inahama kati ya Januari na Februari na inavuruga miezi hiyo miwili. Na usifananishe bei ya soko ya mwezi huu na thamani ya forodha ya mwezi huu. Massa ya Brazil hukaa baharini wiki kadhaa kabla ya kufika China, na bei ilikubaliwa kabla meli haijang'oa nanga. Sogeza mstari wa bei mbele kwa miezi miwili au mitatu, ujaribu ni upi unaokaa vizuri zaidi. Japani ifanyie jaribio lake peke yake, wauzaji wake na mikataba yake si ile ile.

Ukimaliza chati zako zilete hapa tuzipitie pamoja.